Kipimo cha Gari la Mama Generoza

Melkizedek hakuwa mtu mbaya. Wabaya tunawajua, tunawasalimia kwa mbali na kufunga milango wakipita. Yeye alikuwa fundi magari, mzaliwa wa Zombo, mwimba besi wa kwaya ya kanisa, na watu wa Mikumi walimwachia funguo za magari yao bila maswali. Ndiyo maana alilolifanya linaudhi hata kulisimulia.

Ufundi aliupata Kimamba, kwenye karakana ya shamba la mkonge. Serikali ilipoanza kuuza mashamba na viwanda, alikuja mwenye mali mpya, akawapanga wafanyakazi mstari na kuwashukuru kwa Kiingereza. Waliosubiri kiinua mgongo walisubiri mpaka wakachoka. Melkizedek hakusubiri. Aliondoka na sanduku la spana ambalo hakuna aliyemwuliza limetoka wapi, akaja Mikumi, akafungua gereji kando ya barabara kuu iendayo Zambia. Malori yakamlisha. Akamwoa Vaileth, akajenga nyumba ya bati nyuma ya gereji, na kila mwaka aliambiwa na watu kwamba sasa amekuwa mtu mzima.

Kama mafundi wengi wa barabara ile, alikuwa na desturi moja. Gari likija kwake mara ya kwanza, aling'oa thamostati, kale kadude ka shaba kanakokaa kwenye njia ya maji na kuyazuia yasiende kupozwa kwenye rejeta mpaka injini ipate moto. Alikang'oa na kukatupa vichakani.

"Haka ni ka nchi za barafu," alikuwa akisema. "Sisi tunahangaika kuipooza injini, wao wanatuletea blanketi!"

Wateja walicheka, na malori yale ya zamani hayakulalamika. Kwa hiyo desturi ikawa elimu.

Sasa hapo mjini alikuwepo Mama Generoza, mwenye nyumba ya wageni na ulimi wa wembe. Mwaka ule soko huria lilikuwa limempanda kichwani. Kila kilichopita barabarani alikitazama kama kitu cha kununua. Wakapita wazee wawili wa Kizungu na gari-nyumba la dizeli. Mzee mwanamume akaugua, wakataka kupanda ndege haraka, gari wakaliacha kwa bei ya kutupa. Ndani lilikuwa na kitanda, jiko la gesi, sinki na choo. Watu walitoka hata Kisanga kuja kukiona hicho choo. Mama Generoza aliwaruhusu kutazama, akawakataza kugusa, na akapanga kulikodisha kwa watalii wa hifadhini.

Udereva akampa Lupakisyo, Mnyakyusa wa Tukuyu, kijana mrefu mwenye maneno machache. Lupakisyo alilipenda gari lile kupita kiasi. Alilifuta vumbi asubuhi na jioni, na kabla ya kuingia alivua viatu. Na ni yeye aliyemwambia Mama Generoza, "Mama, usipeleke gari Morogoro. Yupo kaka yangu Melkizedek, huyo ndiye fundi." Kaka huyo hawakuzaliwa pamoja. Kila Jumapili Lupakisyo alikula kwa Melkizedek, na Vaileth alimpakulia sahani yake bila kuuliza kama anakuja.

Gari likaletwa. Melkizedek akabadili oili na filta, na kwa mazoea tu akang'oa thamostati.

Haikupita wiki, taa ya njano ikawaka mbele ya dereva. Gari likaanza kutoa moshi mweupe asubuhi, likanywa mafuta kama ng'ombe aliyetoka mbugani, na likipanda mlima liliugulia njia nzima. Wageni wa kwanza waliolikodi walirudi kabla ya kufika Ruaha wakidai chao. Mama Generoza aliwarudishia mbele ya watu, na fedheha ile hakuimeza.

Akaja gereji mwenyewe. "Melkizedek, nakupa neno moja. Ukiliponya, ule uwanja wangu wenye banda la saruji ni wako kufanyia kazi, na magari yangu yote utayatengeneza wewe. Lakini nikimjua aliyeniharibia gari langu, haki ya Mungu, nitamfukuza hapa Mikumi na jina lake nitalitangaza mpaka Kilosa."

Melkizedek akainama injinini. Alisikiliza kwa bisibisi ndefu, ncha kwenye injini na mpini sikioni, kama alivyofundishwa Kimamba. Hakusikia ugonjwa. Injini za siku hizi zina kompyuta, nayo kompyuta haigongi wala haisagi. Inawasha taa tu na kukutazama. Ikabidi atafute kipimo cha kuisoma hiyo kompyuta.

Hapo ndipo alipofanya kazi ya kiume, na tumpe haki yake. Wengi wangekwenda dukani na kununua chochote chenye taa. Yeye alijua hatarudia kununua, maana hela yenyewe aliipata kwa kuuza mashine yake ya kuchomelea. Aliingia chini ya usukani, akalitafuta tundu la kuchomekea kipimo, akachukua kipande cha sabuni ya mche na kukikandamiza pale mpaka umbo la tundu likatoka kwenye sabuni. Akakifunga kwenye kitambaa kama yai na kupanda basi la Morogoro.

Mwenye duka alimwekea vipimo vitatu juu ya meza. Cha kwanza kilikuwa kidogo na cha bei ya chini kabisa, kimetoka Dubai.

"Hiki kinasoma dizeli?" aliuliza Melkizedek.

"Kinasoma magari yote."

"Sikuulizi yote. Nakuuliza dizeli."

Mwenye duka akageuza boksi, akasoma, akakohoa. Kilikuwa cha magari madogo ya petroli. Cha pili kilikuwa sanduku zima lenye kioo kikubwa, mali ya gereji iliyofilisika. Kilisoma kila kitu, kikaeleza kwa maneno, kikafukua kwenye kompyuta ya gari kumbukumbu ya magonjwa yote, hata yaliyofutwa. Bei yake Melkizedek aliiuliza mara moja tu. Cha tatu kilikuwa cha njano, cha kushika mkononi. Kilisoma dizeli, kikaonyesha maneno mawili matatu ya Kiingereza, kikafuta taa. Kumbukumbu hakikuweza kuifikia. Akatoa sabuni yake, akaipimisha na kichwa cha waya; zikalingana sawasawa. Mwenye duka alicheka mpaka akakaa. Melkizedek akachukua cha njano.

Asubuhi iliyofuata uwanja wa nyumba ya wageni ulijaa. Wapishi walitoka jikoni, mlinzi akaacha lango, na madereva wa malori wakasogea kuona mashine inayoongea na gari. Lupakisyo alivua viatu, akaingia, akawasha gari alivyoambiwa. Alikuwa anatabasamu. Kwa siku kadhaa hakuwa amelala vizuri kwa sababu ya lile gari, na leo lingepona.

Melkizedek akachomeka. Kioo kikawaka, kikafikiri, kikaandika. Kiingereza chake kilikuwa cha karakana, lakini maneno yale mawili aliyajua: joto, chini. Injini ilikuwa ya baridi mno. Kompyuta ilidhani gari halijapata moto bado, ndiyo maana iliendelea kumwaga mafuta.

Alielewa hapohapo. Blanketi alilolitupa vichakani gari lilikuwa linalidai.

"Kinasemaje?" aliuliza Mama Generoza.

Angeweza kusema. Ingekuwa aibu ya siku moja, na kifaa chenyewe ni kidogo, cha kununua dukani. Lakini aliliona lile banda la saruji, akaiona kwaya, akawaona madereva wa malori wamekunja mikono wakisubiri. Na hakuna mtu mwingine pale aliyekuwa akiona kioo.

"Kinasema mafuta si safi," alisema.

"Si safi vipi?"

Uongo una njaa. Ukiulisha kidogo unataka zaidi. "Yamechanganywa na mafuta ya taa, Mama."

Lupakisyo alicheka. Alidhani kaka yake anamtania mbele ya watu. Akachungulia dirishani akisema, "Mafuta najaza mimi, labda nilikunywa na mengine!" Hakuna aliyecheka naye. Mafuta ya taa yalikuwa ya bei ndogo kuliko dizeli, na kila mtu pale alimjua dereva mmoja aliyeuza dizeli ya tajiri yake na kujazia ya taa. Mama Generoza alimtazama Lupakisyo kuanzia kichwani hadi kwenye miguu ile isiyo na viatu.

"Fundi, kweli kinasema hivyo?"

"Kipimo kimesema, Mama. Mimi nasoma tu."

Nasoma tu! Watu wamefungwa na watu wamezikwa kwa maneno kama hayo. Mlinzi alimvuta Lupakisyo kwa ukosi wa shati. Mtu akampiga kofi, mwingine teke, na wale madereva, ambao nusu yao walikuwa wezi wa mafuta hodari, walimpiga kuliko wote. Alikuwa akiita, "Kaka Melki, kisome tena! Kisome vizuri!" Melkizedek alikuwa anakunja waya. Aliukunja taratibu sana, pete juu ya pete, kisha akabonyeza kitufe cha kufuta.

Jioni ile Lupakisyo na mkewe Regina walitolewa kwenye chumba chao nyuma ya nyumba ya wageni. Wakahifadhiwa na Mnyakyusa mwenzao upande wa pili wa mji. Mama Generoza alitimiza ahadi, akalitangaza jina mpaka Kilosa, na hakuna tajiri aliyemkabidhi Lupakisyo hata pikipiki.

Melkizedek akamwaga mafuta mazuri ardhini ili aonekane ameyabadili, akanunua thamostati, akaifunga akiwa peke yake. Taa ikazimika, moshi ukakoma. "Mnaona?" alisema Mama Generoza. "Mwizi kaondoka, gari limepona." Akampa banda.

Vaileth ndiye pekee aliyeuliza. "Hicho kidude kilisema kweli mafuta ya taa?"

"Wewe unajua nini habari za injini?"

"Injini sijui. Lupakisyo namjua."

Hawakulizungumza tena. Jumapili ziliendelea, na Vaileth, kwa mazoea au kwa kusudi, aliendelea kupakua sahani tatu.

Baada ya miezi michache Lupakisyo alitokea bandani akikokota baiskeli. Alikuwa amekonda, na jino moja la mbele halikuwepo. Melkizedek akashika spana nzito bila kujua ameshika. Lakini mgeni alisimama mbali, akainama kidogo.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba."

"Sikuja kwa ubaya. Nimefikiri sana. Wewe huwezi kunisingizia, kwa hiyo kilichokosea ni kile kipimo. Ni cha bei rahisi, nacho kinaweza kukosea. Uliniambia kipo kingine Morogoro, kile cha kioo kikubwa, kinakumbuka hata yaliyofutwa. Baiskeli hii ndiyo mali niliyobaki nayo. Iuze, ongezea na ya kwako, ununue kile. Kipimo kitabaki kuwa chako. Mimi nataka kisomwe mara moja tu, mbele ya Mama."

Baiskeli ilikuwa imefutwa vumbi mpaka kwenye spoku.

Hapa ndipo mimi ningemsamehe Melkizedek, kama angesema hapana. Angesema gari limeuzwa, angesema duka limefungwa, angesema lolote. Alitazama banda lake, akafikiri jinsi malori mapya yalivyoanza kuja na kompyuta, na jinsi kile cha njano kilivyoshindwa kuyasoma mawili wiki ile.

"Iache hapo," alisema.

Akaiuza. Akaongezea faida ya banda, akaenda Morogoro, akarudi na sanduku la kioo kikubwa. Kabla ya yote alilichomeka kwenye gari-nyumba, peke yake, milango imefungwa. Kioo kikamweleza ugonjwa wote kwa urefu: injini ilikuwa ya baridi, thamostati haikufanya kazi. Sanduku lilikuwa limemaliza kusema kabla hajavuta pumzi. Akatafuta kitufe, akaifuta na kumbukumbu yenyewe.

Lupakisyo alikuja Jumapili, amevaa shati safi.

"Nimekisoma," alisema Melkizedek. "Kimesema yaleyale. Mama nimeshamwonyesha, hataki kukuona."

Lupakisyo alikaa juu ya tairi. Kisha akaanza kusema polepole kwamba basi itakuwa kweli. Pengine kuna mahali njiani aliuziwa mafuta mabovu naye hakuyanusa. Dereva mzuri angenusa. Amempa mkewe taabu, amempa Mama hasara, kumbe ni uzembe wake mwenyewe.

"Na wewe, kaka, unisamehe. Kuna siku nilimwambia Regina labda umenisingizia. Ni shetani tu."

"Yamekwisha," alisema Melkizedek.

Lupakisyo akamshika mkono kwa mikono miwili, akamshukuru kwa usumbufu wa safari. Akasema wanarudi Tukuyu wiki hiyo, kulima. Akaondoka kwa miguu kando ya barabara, na lori lilipopita alilipisha mbali, mpaka kwenye majani.

Ndani Vaileth alikuwa ameandaa. Melkizedek alinawa, akaketi, akala sahani yake, kisha akavuta na ile ya tatu, akaila yote, maana chakula hakitupwi.