Tuta la Lupakisyo

Kwenye shamba la mkonge karibu na Rudewa hakuna aliyejua unyenyekevu kama Lupakisyo, na yeye mwenyewe alikuwa wa kwanza kukuambia hivyo. Alitoka Tukuyu siku za vita kutafuta kazi, akaanzia kukata majani ya mkonge mpaka akawa mnyapara. Jumapili alifundisha dini. Somo alilolipenda kuliko yote lilikuwa la Ayubu, pale Mungu anapomuuliza ni nani aliyeiwekea bahari mipaka. Aliuliza swali hilo kwa sauti nzito, akiwatazama vibarua mmoja mmoja, hata wakainamisha vichwa kana kwamba muulizaji ni yeye.

Mwaka ule meneja alitaka tuta la kuuzuia mto usifike kwenye mkonge mchanga. Lupakisyo alilisimamia miezi miwili. Lilipokwisha, akatembea juu yake akipigapiga udongo kwa fimbo.

"Bwana," alimwambia meneja, "hapa mto haupiti."

Mwezi wa tatu, Kasaine, mfugaji aliyechunga jirani na tuta, akaanza kuswaga ng'ombe kuelekea kilimani. Lupakisyo akamcheka.

"Nani kakuambia maji yatakuja?"

"Hakuna, Mwalimu. Sijui mto utafanya nini. Ndiyo maana nahama."

Lupakisyo alimhurumia, mtu mzima, na kusoma hajui.

Siku ya nne baada ya Kasaine kuhama, mvua ilinyesha milimani tangu alfajiri. Kabla ya adhuhuri mto ukalimega tuta katikati, ukaingia kwenye kambi ya wafanyakazi. Hakufa mtu. Lupakisyo, mkewe Hildegarda na binti yao Ida walikimbilia kilimani, wakakaa siku tatu wakinywa maziwa ya Kasaine. Kasaine hakutaja tuta hata mara moja, na hilo lilimuuma Lupakisyo kuliko kama angesemwa.

"Baba Ida," Hildegarda alimwuliza, "Jumapili utafundisha nini?"



Maji yalipopungua, meneja akamwita. Alitaka tuta jipya, refu zaidi, na alitaka kusikia kwamba safari hii litashika.

"Sijui, bwana," akasema Lupakisyo.

Meneja alidhani hakusikia vizuri, akauliza tena. Jibu likawa lile lile. Basi unyapara akapewa Petro, mmoja wa vibarua, aliyeapa kwamba mto hautathubutu, na Lupakisyo akarudishwa kukata majani.

Jioni ya siku ya kwanza mikono ilimvimba. Hildegarda alimkanda kwa maji ya moto.

"Ulishindwa nini kumwambia litashika?"

"Nilijaribu," akasema. "Mdomo ulikataa."

Akamnyooshea mkono wa pili.