Vifurushi Sita vya Kanga Moja

Tajiri wa Matrah, mji wa bandari tuliokimbilia, aliyekuwa akituwekea amana alifilisika, miaka minne tangu tukimbie Unguja. Liwali akaleta msimamizi afungue kasha lake, arudishe vya watu. Tulipanga foleni tukihofia litakutwa tupu. Risiti hatukuwa nazo, kumdai mtu wa kwetu karatasi ni kumtukana.

“Mama, dhahabu yako imo katika nini?” msimamizi alimwuliza bibi aliyekuwa mbele yangu.

“Kanga nyekundu, nimeifunga mafundo mawili.”

Akatoa vifurushi sita vyekundu, vyote mafundo mawili. Ilikuwa sare yetu ya harusi moja.

“Kipi chako?”

Bibi akageuka, akatutazama mmoja mmoja, sisi anaotuita wanawe. Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Macho yangu yalikuwa kwenye kifurushi kikubwa, na changu kilikuwa kidogo.