Walzi ya Baba

Harufu ya chuma kilichochomelewa ndiyo iliyotangulia kuingia ndani, kisha baba mwenyewe. Alikuwa fundi wa mageti mjini Ruiru, na tulipanga chumba Mwihoko, katika ploti ambapo jirani akikohoa unamwambia pole bila kuinuka kitandani. Jumapili baada ya chakula aliweka kaseti ya wimbo mmoja wa Kizungu, walzi ya polepole, na kabla haujaanza lazima atuhubirie: "Huyu jamaa ameuandika mwenyewe, akauimba mwenyewe, kwa ajili ya bibi yake. Hakuazima maneno ya mtu." Wacha wee! Mtu huyo huyo, Jumamosi, alikuwa amemburuta mama kwa nywele hadi kwenye sinki la nje na kumpiga mateke ya mbavu kwa sababu chai ilikuwa imepoa. Sasa alimwinua, akamshika kiuno, wakacheza, moja-mbili-tatu, moja-mbili-tatu, mama amevimba mdomo, akijikaza asilie mbavu zikiguswa. Majirani walisikia yote, wakaongeza sauti ya redio zao. Nilimchukia baba, na wimbo ule niliuchukia vilevile.

Nilipokuwa darasa la sita, baba aliamua kumfanyia mama ngurario, ile sherehe ya Kikuyu ya kukamilisha ndoa, ambayo alikuwa ameiahirisha tangu nizaliwe. "Nikimaliza hiyo, hutakuwa na kwenu pa kukimbilia," alimwambia, akicheka. Tukaenda Kalimoni kwa guka, baba yake mama. Mbuzi wakachinjwa, spika za kukodi zikapangwa uwanjani. Sasa, kwa desturi yetu, wazee hawagusi pombe ya muoaji mpaka baba wa bibi harusi amuulize binti yake, mbele ya watu wote, kama wainywe. Akikataa, hakuna ndoa. Lakini kwa mwanamke aliye na watoto tayari, nani angetarajia jibu lingine? Baba alikuwa na uhakika hata akamwagiza mpiga muziki aanzishe walzi yake mapema, akamshikia mama maikrofoni mdomoni.

"Nyambura mwanangu, hii pombe tuinywe?" guka akauliza.

"Msinywe, Baba. Huyu ataniua."

Baba yangu alimpiga kwa maikrofoni ile ile. Ngai! Taya la mama lilivunjika, mlio wake ukatokea kwenye spika, tukausikia uwanja mzima, na walzi ikaendelea kulia kana kwamba hakuna kitu. Wajomba walimvamia baba kwa ngumi na viti, damu ikaruka hadi kwenye gauni langu, na mimi, haki, nilipiga kelele wamwongeze. Guka aliwazuia wasimuue, kisha akamwaga pombe yote kwenye nyasi. Mama alipelekwa hospitali Thika, taya likafungwa kwa waya. Mwihoko hatukurudi tena.

Leo mama anauza mboga Kalimoni, hutafuna upande mmoja, na akicheka anasikika hadi barabarani. Mimi ninaishi Membley, ambako kuta ni nene, getini kuna askari, na jirani hamsikii jirani. Juzi mchana mke wa jirani alibisha hodi kuazima kitunguu, amevaa miwani nyeusi na shingo imefungwa leso kwenye jua kali. Nikampa kitunguu. Akashukuru, akageuka. Mama alipata mtu wa kumuuliza, tena mbele ya ukoo mzima. Huyu, na nyumba yake ya ghorofa, nani amewahi kumuuliza?

"Dada," nikamwita, "unataka kurudi kwa huyo mtu?"

Alinigeukia pale kwenye ngazi. Kisha akavua miwani.

"Sitaki," akasema.