Kuku wa Manyoya na Ncha Tatu za Sindano

(Barua hii imetoka Musonoi. Jina la mwandishi tunalo, tumelifunika.)

Ndugu basomaji, jina langu mulifunike muzuri. Lile la ubatizo serikali ilikwisha kulifunika wakati ilikataza majina ya Kizungu, sasa na hili liende. Niko na miaka makumi sita na tatu, masomo yangu yalifia mu troisième primaire, darasa la tatu, meno yamebaki sita. Miaka makumi tatu nilishika mashine ya kutoboa majiwe ku mine, kule machimboni.

Bibi yangu, mama ya watoto wangu, alizaliwa Kasai. Tangu mvua ya mwaka jana macho yake yamezima, na sasa hata kuamka ku kitanda hawezi. Munganga wa hospitali alinivuta pembeni, akasema nihesabu siku. Siku moja bibi akanishika vidole: "Tata, hii mikono ilitumikia mine tu. Mi haikunifanyia hata kitu kimoja. Unifanyie kuku, kama ile mama yangu alifuga kule kwetu. Nitaiona na bidole."

"Si nikuletee kuku ya kula?"

"Hayo meno yako sita yataimaliza mbele yangu."

Basi nikaenda ku fwaye, nyumba ya bamama ya misioni, kule masere, mutawa wa Kizungu, anafundisha bamama kutengeneza banyama badogo na manyoya ya kondoo, bila uzi. Unakunja manyoya, unayachoma na sindano yenye meno madogo, unachoma, unachoma, mpaka yanashikana na kukaa magumu. Mwanaume nilikuwa peke yangu. Mama Ngalula, jirani yetu, akapiga kelele: "Masere, tuliomba manyoya, munatuletea kondoo muzee!"

"Basi munikate manyoya," nikamujibu, nikakaa.

Masere alinionyesha: ingiza wima, toa wima, pole pole. Lakini mukono wangu unajua njia moja. Ku mine unasukuma chuma na kifua mpaka mwisho, halafu unakizungusha wakati wa kukitoa, vumbi itoke, kisikwame. Ukisahau, chef wa kazi anatukana mama yako. Nikasukuma, nikazungusha. Tak! Sindano ikavunjika, ncha ikabaki ndani ya kuku.

"Tata, hii haina jiwe," masere akasema.

Nikasema ndiyo, najua. Kesho yake, tak! Kesho kutwa, ya tatu. Sindano zinatoka Ulaya ndani ya valizi yake ya safari, na zilikuwa tano tu kwa bamama bote. Akanikataza kugusa ingine. Alikuwa na haki.

Zile ncha nimezitafuta mpaka nimechoka. Kuzitoa ni kupasua kuku yote, na sindano ya kuanza upya sina. Kuku yenyewe inafanana na kiazi chenye mudomo, lakini niliifanya mi.

Mama Ngalula alinihurumia. Akatengeneza yake, laini, na kishungi na mabawa. "Mupelekee hii, Tata. Sema ni yako. Mutu haone, atajua wapi?"

Nikamwambia, "Huyu haone, lakini kila chupa nilificha mu hii nyumba, aliipata."

Nikiingia, bibi ananyoosha mukono: "Imekwisha?"

"Mabawa bado."

Siku tisa sasa, mabawa bado. Jana mukono haukunyooka tena. Ulibaki juu ya blanketi, umefunguka tu, unangoja.

Kuku zote mbili ziko chini ya kitanda chake. Ile ya Ngalula ni muzuri, na ni uongo. Nikimupa hiyo, nitamudanganya mutu ambaye hakuniomba kitu kingine maisha yote. Ile yangu, akiibonyeza vile anabonyezaka bitu byote apate kubiona, itamutoa damu.

Watoto wangu nikiwauliza, wanacheka, wanasema muzee amerudia utoto. Nami nacheka nao, nifanye nini. Gazeti lenu linatoka mara moja kwa mwezi, na sijue kama mwezi mi na bibi tunao.

Nishaurini hata hivyo. Nimuwekee ipi mu ule mukono? Maana kesho asubuhi ataniuliza tena, na mi nitasema mabawa bado.