Kocha Aliyeshika Sikio

Nilikwenda Doha kwa ajili ya picha moja ya mtu aliyeshika sikio. Najua inavyosikika. Mkuu wangu wa shule aliponiuliza ruhusa ni ya nini, nilimwambia naenda kumwona mdogo wangu, na huo haukuwa uongo, maana Zuhura anafanya kazi huko na tulikuwa hatujaonana tangu aondoke miaka sita iliyopita. Lakini nauli niliidunduliza kwa ajili ya picha.

Nifafanue kabla hamjanicheka. Mimi ni mwalimu wa michezo hapa Dodoma na nafundisha besiboli, mchezo ambao wazazi wengi hudhani ni kriketi iliyokosewa. Pamoja na hilo nakusanya picha za zamani za makocha wa besiboli ya kulipwa. Si nakala, bali picha za karatasi zilizosafishwa enzi zilezile zilipopigwa, ambazo ukizigeuza nyuma unakuta mhuri wa gazeti na alama za penseli. Wachezaji sina haja nao. Mchezaji hupigwa picha. Kocha hukutwa tu kwenye picha, pembeni, kavaa jezi kama vijana wake huku kitambi kimemtangulia. Ukuta wa darasa langu umejaa watu hao, nami nawapenda wote, hata wenye sura za kununa.

Niliyekuwa namkosa ni kocha wa kituo cha tatu akiwa katikati ya kutoa ishara. Huyu husimama kando ya uwanja na kuwasemesha vijana wake kwa mikono. Hugusa kofia, kiwiko, mkanda, ili wapinzani wasijue anawaagiza nini. Basi siku moja, katika kundi letu la wakusanyaji mtandaoni, mzee mmoja Mfilipino, fundi wa magari huko Doha, akaweka picha ya marehemu baba yake. Alikuwa kocha wa timu ya kulipwa kwao, na pale ameshika sikio. Chini mzee aliandika kwamba atauza, ila kwa mtu atakayeifuata mwenyewe.

Asubuhi ya kuondoka Mama alinisimamisha sebuleni, chini ya picha ya Zuhura. Ni picha yake ya kwanza kutoka Doha. Kavaa sare ya hoteli, anacheka mpaka jino la pembeni lililopanda linaonekana. Mama huwasomea wageni picha hiyo kama taarifa ya habari. Akilionyesha jino hilo, husema, jueni mwanangu ana raha. Aliniambia, "Kamwangalie mwenzio kama bado anacheka hivi. Kwenye simu sauti haina jino."

Treni ilinifikisha Dar es Salaam, na jioni nikapanda ndege nikiwa nimepakata fremu ya mninga niliyoitengenezesha kwa fundi wa mtaani kwetu. Niliifunga kwa kitenge. Wakaguzi waliifungua, wakatazama upande mmoja na wa pili, wakaniuliza picha iko wapi. Nikawajibu kwamba ndiyo naifuata.

Doha nilipokewa na baridi ya asubuhi ambayo sikuitarajia, na Zuhura aliyevaa sweta.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Umenenepa!"

"Wee, usianze. Yalla, leta begi, twende."

Anakaa Abu Hamour, chumba kimoja na wanawake wengine watatu, kila mmoja na kitanda chake na pazia lake. Aliyekuwa dyuti ya usiku aliniachia kitanda chake na chapati mbili zilizofunikwa kwa sahani. Nililala nikisikia wanacheka kwa Kiswahili cha Unguja, cha Mombasa na cha kwetu, na maneno ya Kiarabu yakipita katikati bila hodi.

Ijumaa Zuhura alikuwa ofu. Baada ya swala tulipanda basi kwenda Industrial Area, eneo la viwanda na karakana. Mitaa ya huko inaitwa kwa namba, na siku hiyo ilikuwa imejaa wanaume waliopumzika: wengine foleni ya kinyozi, wengine wamechutama wakiongea na simu zenye sura za watoto. Wanawake tulikuwa wawili tu, kwa hiyo Zuhura alitembea kwa kasi ya mtu anayedaiwa mahali. Karakana tuliyoitafuta ilikuwa imefungwa, isipokuwa mlango mdogo wa pembeni, na mlangoni alisimama mzee mwembamba mwenye miwani iliyofungwa kamba. Zuhura alimwita Kuya Ben. Kuya ni kaka kwa lugha yao, na yeye kaijua kwa Wafilipino anaofanya nao kazi. Tuliongea Kiingereza cha Doha, kila mtu na chake, nami hapa nakileta kwa lugha yetu.

Alitupa karaki, ile chai yao ya maziwa yenye iliki, kisha akatoa picha kutoka katikati ya kitabu kinene cha injini. Nilinawa mikono kwanza. Nyuma kulikuwa na mhuri uliofifia na mshale wa penseli, na mbele sehemu za giza zilikuwa zimeanza kung'aa rangi ya fedha kama zinavyofanya picha za umri huo. Mwenyewe alikuwa mwembamba kama mwanawe. Kashika sikio la kushoto, midomo kaifunga, macho yanamtazama mtu asiyeonekana. Nilimtazama mpaka chai ikapoa. Niliitaka picha ile kuliko kitu chochote nilichowahi kununua.

"Ichukue, Ticha," alisema Kuya Ben. "Watoto wangu wanaitazama mara moja na kurudi kwenye simu. Kwako kuna wanafunzi wanaoujua mchezo. Bei haitatushinda. Sharti langu ni moja. Chini yake uandike maneno yake."

"Maneno gani?"

"Anamwambia kijana wake akimbie bila kuogopa. Mteja mmoja aliyewahi kucheza aliniambia, sikio ni kukimbia. Baba alikuwa safarini na timu maisha yake yote, sikuongea naye sana. Nilipoondoka kwetu kuja huku, maneno hayo ndiyo niliyobeba."

Niliirudisha picha juu ya kile kitabu. Zuhura akanikanyaga mguu na kuniambia kwa Kiswahili, akitabasamu ili mzee asishtuke, "Mwambie ndiyo, dada. Maneno tu hayo. Khalas, tuondoke na picha."

Nami nilitaka kusema ndiyo, wallahi nilitaka. Lakini chini ya picha ile wangesimama wanafunzi niliowafundisha ishara mwenyewe, na wa kwanza kusoma angegeuka kunitazama. Basi nikasimama.

"Zuhura, wewe ni mchezaji wangu. Nikigusa mkanda, baki ulipo. Nikigusa sikio, kimbia. Lakini usitii chochote mpaka niguse kofia kwanza. Kinachofuata kofia ndicho ninachokuagiza. Mengine yote ni ya kuwazuga wapinzani."

Nikagusa sikio, kiwiko, kofia, mkanda, halafu sikio tena.

"Nimekwambia nini?"

"Nikimbie!"

"Nimekwambia ubaki."

Kuya Ben alikuwa ameelewa kabla sijakaa. Akaichukua picha, akaisogeza karibu na miwani.

"Kwa hiyo hapa..."

"Hapa picha imenasa sikio tu, Kuya. Haikunasa kilichotangulia. Na ufunguo, ile ishara ya kutangulia kama kofia yangu, waliubadilisha kila mara. Wanaojua ni yeye na vijana waliokuwa uwanjani siku hiyo."

"Wote wamekufa." Akaishusha picha, akasema, "Labda alikuwa anajikuna tu."

Tulicheka watatu, ila yeye aliacha kabla yetu. Nilijisikia vibaya mno. Mtu kanikaribisha chai, nami nimemnyang'anya maneno aliyoishi nayo. Nilianza kuomba radhi, akainua kiganja.

"Nilikuwa nauza kwa sababu nilidhani nimeshaielewa," alisema. "Sasa siuzi. Itabidi niendelee kuitazama."

Sikubishana. Nilifungua kitenge, nikampa fremu. Aliikataa mara mbili kwa adabu, kisha akaitia picha ndani yake, ikaenea sawasawa, akaitundika juu ya kabati la spana. Tulipoaga alikuwa bado amesimama mbele yake, mkono kautia mfukoni.

Jioni, ndani ya basi la kurudi, Zuhura alinisema wee mpaka akachoka. Nimekuja na ndege, nimefika mlangoni, nimemaliza kwa kumpa mzee fremu ya bure! Kisha akageukia dirishani, akawa anatazama malori yaliyoegeshwa.

"Dada, ile picha yangu aliyoitundika Mama."

"Ya jino?"

"Ilipigwa kwa ajili ya kitambulisho. Asubuhi ile ndiyo waliniambia siendi mapokezi kama tulivyokubaliana, nakwenda dobi. Nimelia chooni, nimenawa uso, nimetoka, mpiga picha akasema cheka. Nikacheka. Halafu nikamtumia Mama, sikuwa na nyingine."

"Na miaka yote hii anaisoma."

"Mwache asome. Usimwambie, tafadhali."

Nikamwahidi. Nilimshika mkono mpaka kituo chetu.

Jumamosi nilimsindikiza kazini kwake Lusail, kaskazini mwa Doha. Minara ya kule ni mizuri, sikatai, ila mimi nilipelekwa mlango wa nyuma wa hoteli, unapotoka mvuke wa dobi. Zuhura siku hizi ni msimamizi wa zamu. Nilimwona akiwapanga wenzake, akimrekebisha msichana mmoja mkunjo wa shuka, kisha mtu akasema jambo na wote wakaangua kicheko. Zuhura alicheka mpaka akainama, mdomo kauziba kwa kiganja. Nikampiga picha kwa simu bila yeye kujua. Ni picha nzuri. Jino halionekani.

Siku ya kurudi alinisindikiza hadi uwanja wa ndege kwa metro, akanipa maziwa ya unga na udi wa Mama. Tuliagana harakaharaka, kila mmoja akijikaza kwa ajili ya mwenzake, na mara hii mikono yangu haikuwa na cha kupakata.

Darasani kwangu pengo la ukutani bado lipo. Wanafunzi wakiuliza, nawafanyia ile michezo ya sikio na mkanda, nao hukosea kama Zuhura alivyokosea. Nimejifunza kwa gharama ya nauli kwamba picha ni mguso mmoja uliochomolewa katikati ya mingi, na kwamba anayeweza kukusomea ni yule aliyekuwemo. Kuya Ben hana tena wa kumuuliza. Lakini sisi?

Siku niliyofika nyumbani, Mama hakuningoja hata nivue viatu. Nilimpa simu aone ile picha ya Lusail. Akavaa miwani, akaisogeza mbali, akaisogeza karibu.

"Kaziba mdomo," alisema. "Jino kalificha. Mwanangu hana raha, Mwaju. Wamemfanya nini?"

Nilifungua kinywa nimweleze, nikakumbuka ahadi yangu. Mama na Zuhura huongea kila wiki, na kila wiki ni habari za afya, mvua, nani kaoa, haya msalimie. Nikaichukua simu, nikampigia Zuhura, alipoitika nikaweka sauti ya nje, nikamrudishia Mama.

"Mimi sijui," nikamwambia. "Mwulize mwenyewe."

Mama alinikazia macho kama nimemvunjia heshima. Kisha akainua uso kuitazama picha ya ukutani, ile ya sare, kwa muda mrefu kuliko nilivyowahi kumwona akiitazama.

"Zuhura," alisema, "hii picha yako niliyoitundika hapa. Siku ile ulikuwa unacheka nini?"

Nilidhani mtandao umekatika. Kisha nikasikia sauti ya mdogo wangu, ndogo, inauliza:

"Mama, umekaa?"

Mama akavuta kigoda, akakaa.

"Nimekaa, mwanangu. Sema."