Siku Nilipomkataza Mama Kuingia Baharini

Nimekosa, na niliyemkosea hayupo tena wa kunisamehe. Ndiyo maana nawaeleza nyinyi msionijua. Mkinitukana, nitakubali.

Mimi ni mwanamume wa miaka arobaini na kitu, mzaliwa wa karibu na Itumbe, huko Kisii. Nimezunguka sana. Nimeosha vyombo Naivasha, nimepakia mizigo Keroka, nimelinda mageti Nairobi. Popote nilipokaa nilitamani nyumbani, na nikishafika nyumbani nilianza kutazama barabara. Aliyenielewa ni mtu mmoja tu, mama yangu. Alikuwa mama na alikuwa rafiki.

Nilipewa jina la marehemu baba yake, kwa hiyo tangu utotoni aliniita "baba". Kwetu hilo ni jambo la kawaida, lakini yeye alilitia utani. Nikichelewa kuamka aliwaambia wengine, "Nyamazeni, baba yangu amelala."

Nilipokuwa nikifua mashuka katika hoteli moja Mombasa, mama alikuja kunitembelea. Shamba lake la majani chai alimwachia dada yangu, Kemunto. Kwa mila yetu mzazi halali katika nyumba ya mwanawe aliyeoa, na mimi na mke wangu tulikuwa na chumba kimoja tu huko Likoni. Basi mama akalala kwa jirani yetu, Bi Mwanaisha, mjane aliyekuwa akipika mahamri ya kuuza. Wakawa marafiki siku ile ile, ingawa kila mmoja alikicheka Kiswahili cha mwenzake.

Kila asubuhi mahamri yakiisha, wawili hao waliteremka ufuoni. Kulikuwa na mahali chini ya mivinje ambapo mama alipapenda kuliko mahali pengine popote alipowahi kufika. Alikaa hapo akayatazama maji kama mtu anayesikiliza habari za nyumbani. Siku ya kwanza aliniuliza:

"Baba, hii yote ni ya nani?"

"Si ya mtu, mama."

"Hakuna ndugu wanaogombania mpaka?"

"Hakuna."

"Ndiyo maana huyu Mwanaisha amenenepa."

Bi Mwanaisha alicheka mpaka akashika mbavu. Mnaotoka Kisii mnaelewa. Kwetu shamba limegawanywa na kugawanywa tena, hata mgomba wako ukiinama, mkungu unaangukia kwa jirani.

Sasa nifike kwenye kosa langu.

Ilikuwa Sabato ya mwisho kabla mama hajarudi. Baada ya kanisa tulipita pale ufuoni, mimi nikiwa na wenzangu wawili wa kazini, Wakisii kama mimi. Bi Mwanaisha alikuwa akitungoja. Akamfunga mama leso kiunoni. Mama akavua viatu, akaninyooshea mkono.

"Baba, nishike nifike magotini tu. Kesho naondoka."

Nikawaona wenzangu wanatazama.

"Mama, keti. Huoni haya? Mimi mwanao nikuone umelowa nguo? Watu wa nyumbani wakisikia watasema nini?"

Kwa wasiojua, sisi tuna chinsoni, ile heshima inayomweka mzazi na mtoto wake mkubwa mbalimbali katika mambo ya mwili. Ni mila nzuri. Siku ile niliitumia kama rungu.

Mkono wake ulibaki hewani kidogo. Halafu akaushusha.

"Sawa, baba."

Akaketi, akaanza kuvaa viatu. Mwenzangu mmoja akaninong'oneza, "Umemwambia vizuri. Hawa wazee wakifika mjini wanasahau." Nikafurahi. Mungu wangu, nilifurahi!

Ukweli ni kwamba sikuwa nikifikiria chinsoni hata kidogo. Nilikuwa nikitazama miguu yake. Visigino vilikuwa vimepasuka kama udongo wa kiangazi, na kucha zilikuwa nyeusi kwa kazi ya shamba. Nami nilikuwa nimewadanganya wale wenzangu kwamba kwetu tuna duka kubwa Keroka. Mama mwenye duka kubwa hana visigino kama vile. Nilitaka avae viatu upesi, basi.

Mama akarudi nyumbani. Kila nikipiga simu aliuliza, "Bahari yangu iko aje?"

"Iko, inakungoja."

"Iambie nakuja."

Nikamwahidi mwaka ujao, na mwaka ule ukifika nikaahidi mwingine. Kisha nikaacha kazi ya Mombasa, nikaanza tena kuzunguka. Miguu ya mama ikaanza kuvimba. Akawa hafiki hata kituo cha kuuzia majani chai. Nilipopigiwa simu nirudi haraka, nilimkuta ameshaaga dunia.

Tulimzika kando ya nyumba yake. Mchungaji alinitaja mbele ya waombolezaji wote kuwa mfano kwa vijana, mwana aliyemwonyesha mama yake bahari. Watu wakaitikia amina. Nilisimama pale na udongo mkononi, nikanyamaza.

Mwaka huu nilishindwa kutulia, nikasafiri kwenda Likoni kumkumbuka mahali pake. Mivinje bado ipo. Bi Mwanaisha amezeeka, hapiki tena, lakini alikubali kunisindikiza. Tuliketi mchangani tukamtaja mama, vichekesho vyake, Kiswahili chake. Tulicheka kidogo. Nikadhani nimepata nafuu.

Kisha Bi Mwanaisha akasema, "Jioni ile ulipomkataza, mimi nilimwambia twende alfajiri, wanawake peke yetu, mwanao hatajua. Akakataa."

"Alikataa kwa nini?"

"Akanambia, 'Baba yangu amesema hapana. Nikiingia kwa siri nitakuwa nimemdanganya. Atanileta mwenyewe.'"

Nikaanza kumweleza habari za mila zetu. Akaninyamazisha kwa mkono.

"Mwanangu, mila gani? Ulimwonea haya mamako. Na yeye alijua."

"Alijua?"

"Alijua. Alikuwa amekaa kwenye mkeka wangu akitazama nyayo zake. Akanambia, 'Mtoto ana marafiki wa mjini, miguu hii imemwaibisha.' Akaniuliza sisi wanawake wa pwani tunafanyaje visigino vikawa laini. Nikampa jiwe langu la kusugulia miguu. Akaondoka nalo."

Nilikumbuka jinsi Kemunto alivyonisimulia kwenye simu kwamba mama amerudi na maringo ya pwani. Kila jioni akitoka kuchuma majani chai anakaa mlangoni na beseni la maji, anasugua visigino kama msichana anayechumbiwa. Tulimcheka sana, mimi na Kemunto. Nilimwambia mama mwenyewe, "Unatafuta mchumba?" Naye akacheka, akasema, "Nyamaza wewe, najitengeneza."

Alisugua mpaka miguu ilipovimba, akashindwa kuinama. Hakuniambia hata mara moja ni ya nini.

Bi Mwanaisha aliniuliza kama nataka kuingia majini, kwa ajili ya mama. Nilikataa. Ningeingia kwa miguu ipi?

Wewe unayesoma, labda mzazi wako naye anakutia haya. Nguo zake, lugha yake, namna anavyokula mbele ya wageni. Haya hiyo ikikushika, usiifunike kwa mila wala kwa dini. Afadhali umwambie wazi kwamba wewe ni mjinga, akuzabe kofi, yaishe. Ukisema ni mila, atakuamini, au atajifanya amekuamini kwa kuwa anakupenda. Atarudi nyumbani aanze kujitengeneza yeye, na mbovu ni wewe.