Mizigo Mia Tatu ya Kuni kwa Bibi wa Kisimani

Watu kumi na saba walipanga foleni kuniletea kuni, na mimi nyumbani kwangu sina hata jiko la kuni. Napikia gesi.

Msicheke. Tulieni niwaeleze.

Mengi ya haya nimeyaona kwa macho yangu. Yaliyobaki alinisimulia mjukuu wangu Jumapili iliyopita, akinisuka. Kila alipofika penye hasira alinivuta nywele. Kwa hiyo haya maneno nimeyapata kwa maumivu ya kichwa, myasome kwa adabu.

Mjukuu huyu namwita mke mwenza. Kazi yake ni kutengeneza michezo ya kwenye kompyuta. Ile ya watu wengi: kila mtu yuko nyumbani kwake, lakini humo ndani wanakutana. Huyu kajifanya mwindaji, yule mganga, yule mhunzi.

Zamani aliwahi kucheza mmoja wa aina hiyo. Mdogo wake alikuwa amehamia mbali kikazi, wakakubaliana wawe wanaonana humo.

Hawakuonana ng'o.

Mdogo mtu alikuwa ngazi ya sitini. Mke mwenza wangu, ngazi ya tatu. Na lango la mji aliokuwa akikaa mwenzake halifunguki mpaka ufike ngazi ya hamsini. Upandeje? Uue nguruwe mwitu. Ukimaliza mia, unapanda kidogo. Haya, mia wengine.

Aliua nguruwe miezi mitano. Alipofika langoni, mdogo wake alikuwa amechoka kungoja, kaacha mchezo.

"Bibi," akaniambia, "nitatengeneza wangu. Rahisi, hauna ngazi hata moja. Ukiingia leo, unakaa na aliyeingia mwaka jana, mnaongea."

Nikamwambia tengeneza. Nilidhani ni kama kushona gauni, wiki mbili.

Huu mwaka wa tatu.

Ana mwenzake, kijana wa miwani, mpole, tunamwita Fundi. Mke mwenza anachora na kubuni, Fundi anaandika yale maandishi yanayoifanya kompyuta itii. Meza yao iko sebuleni kwangu. Nyaya kila mahali, kufagia mpaka uruke. Na Fundi huyo kila sentensi anaimalizia na "sawia kabisa", hata akiulizwa kama chai ina sukari.

Majaribio ya kwanza waliita watu arobaini. Siku ya tatu walibaki watano.

Wote walioondoka waliandika jambo lile lile: "Mzuri. Ila sasa tufanye nini?"

"Nilikwambia," Fundi akasema. "Watu wanataka kupanda. Tuweke ngazi ishirini tu."

"Hata moja."

"Kumi basi."

"Fundi, hapa si sokoni!"

Wakabishana mpaka nikazima redio ili niwasikie vizuri. Mwisho wakapatana: jaribio moja zaidi, siku kumi, watu wale wale arobaini. Siku ya kumi saa tisa alasiri wakibaki ishirini, mchezo unabaki bila ngazi. Wakipungua hata mmoja, Fundi anaweka ngazi zake, na mke mwenza anauacha mchezo, anarudi kwenye kazi yake ya zamani, kupokea simu za wateja wenye hasira.

Ile kazi naijua. Alikuwa anafungulia maji bafuni ili nisisikie analia.

Asubuhi ya siku ya kwanza akanipa simu pana kama sinia.

"Bibi, nahitaji mtu asiyejua kitu. Ukipotea wewe, nitajua pa kurekebisha."

"Asante kwa heshima."

"Usinune, mke mwenza."

Nikapotea papo hapo. Kibibi changu cha humo mchezoni, chenye kilemba, nikikigusa kiende mbele, kinazunguka kama pia. Nikagusa, nikagusa, nikapata kitufe cha kukaa. Kikakaa kando ya kisima. Cha kuinuka sikukiona.

Nikaenda zangu kuanika nguo. Kurudi, watu wanne wamesimama mbele yangu.

"Huyu ni mtu au ni wa mchezo?" mmoja aliandika.

"Wa mchezo. Saa mbili nzima hajasogea."

"Bibi, tupe kazi!"

Nikaandika kwa kidole kimoja, dakika tatu nzima: hamjambo wanangu

"Noma! Ameongea!"

"Bibi, kazi!"

Mimi nimelea watoto saba. Mtoto akiniomba kazi kwa mdomo wake, simuulizi mara mbili. Nikaandika: nileteeni kuni

Wakaleta. Kila aliyeleta nikamwambia asante mwanangu, umekula?

Siku ya pili walikuja tisa. Siku ya tano, thelathini na mmoja. Mke mwenza akawa anacheka peke yake jikoni, anaimba na sufuria.

Siku ya sita ikaharibika.

Alikuwepo mmoja anajiita Kishoka. Akaandika pale kisimani: "Mimi Bibi kanishukuru mara themanini na nane. Wageni, pisheni."

Basi. Kila mtu akaanza kuhesabu shukrani zake. Aliyefika hamsini akaitwa mkubwa. Mwenye mbili anafukuzwa, arudi porini akakate kwanza. Wakaweka na walinzi njiani.

Akaja mgeni, binti. Akaandika: "Dada yangu yuko hapo kisimani. Nataka kumsalimia tu."

Wakamjibu: "Kuni ngapi?"

Mke mwenza alikuwa nyuma ya kiti changu. Alisoma, akakaa chini pale pale juu ya nyaya.

"Bibi. Umeniingizia ngazi kwa mlango wa nyuma."

"Mimi? Mimi nimeomba kuni."

"Unawashukuru mno!"

"Nisishukuru? Wewe nani alikulea?"

"Zile si kuni, Bibi! Ni picha!"

"Kama ni picha, mbona unanipigia kelele?"

Akaingia chumbani, akaubamiza mlango. Fundi akarekebisha miwani. "Nilisema watahesabu. Sawia kabisa."

Nilitamani kumpiga na kandambili.

Siku tatu zilizofuata zilikuwa za kununiana. Mke mwenza na Fundi walizuia neno shukrani, watu wakahesabu kwa viganja: "Mimi viganja ishirini." Wakazuia neno viganja, watu wakaja na mikono. Mke mwenza hali, halali, anafuta na kuandika upya. Na watu wakaanza kuchoka. Ishirini na saba. Ishirini na mbili.

Siku ya kumi, saa sita mchana, kisimani walibaki wale kumi na saba wa foleni. Mbele yao, Kishoka.

"Bibi, mzigo wa mia tatu huu."

Nikatazama. Kuni zimerundikana mpaka kisima hakionekani. Nikajiuliza: nyumbani kwa nani kuni ziliwahi kuletwa mara mia tatu bila mwenye nyumba kusema kitu? Nikaona kosa ni langu.

Nikaandika: kuni zimetosha



"Zimetosha ndiyo nini?" Kishoka akauliza.

hazihitajiki tena mwanangu. kaa

"Nikalete maji?"

mtungi umejaa. kaa

"Sasa tufanye nini?"

Lile swali! Nikaandika: washeni moto tuote. na yule binti mliyemzuia juzi apite kwa dada yake

Binti bado alikuwa anazurura huko porini. Wakampisha. Akakaa na dada yake, wakaongea mambo yao. Wengine wakauliza kuni zikiisha itakuwaje. Nikasema zikiisha nitasema, lakini sijui lini, asiyekuwepo atajuaje? Wakakaa. Wakaitana.

Mke mwenza akatoka chumbani, nywele timutimu.

"Bibi, umesema nini?"

"Nimesema zimetosha."

Akashika kichwa. "Nguruwe hawaishi! Bibi, ndiyo shida yote, wale nguruwe hawaishi!" Akarukia kompyuta. Kila kitu cha kijiji cha mle mchezoni akakipa kikomo: mtungi ukijaa, anayeongeza maji hashukuriwi, anatazama nani mwingine kapungukiwa.

Saa tisa ikafika. Fundi akahesabu, akavua miwani, akahesabu tena.

"Kumi na tisa."

 Mke mwenza akaanza kukunja nyaya zake.

"Na Kishoka umemhesabu?" nikauliza.

"Kishoka hahesabiwi."

"Kwa nini?"

"Si mmoja wa wale arobaini."

"Umejuaje?"

Fundi akatazama dari. Mimi dakika ile nilikuwa namwona Kishoka anaota moto, na aliyoyaandika kitambo bado yanasomeka: "Moto mzuri, sawia kabisa."

Siku tisa kijana ananiletea kuni, na amekaa hatua tatu kutoka kwangu!

"Nilitaka kuonyesha kwamba watu lazima watahesabu," akasema kwa sauti ndogo. "Nikaingia siku ya pili."

"Na siku nyingine zote?"

"Bibi alikuwa ananiuliza kama nimekula."

Mke mwenza akalipuka. Nyaya zikaruka. Alichosema siandiki hapa, kuna watoto wanasoma. Nikamwacha amalize, kisha nikasema: "Mhesabuni. Mtu aliyekata kuni mara mia tatu, mchezo haukumchosha. Huyo ni wa ishirini."

Fundi akaandika ishirini, akaweka kalamu chini.

Hakusamehewa. "Zile kuni zote," mke mwenza akamwambia, "utazifuta wewe. Mzigo mmoja mmoja. Kwa mkono."

Mimi nimejifunza kidogo tu. Ukimtuma mtu kazi, awe mwanao au picha ya mtu kwenye kioo, mwambie mapema: basi, inatosha, njoo ukae. Usingoje afike mia tatu.

Yaliyofuata ndiyo niliyosimuliwa, maana mimi nilishasinzia kitini, jua bado lipo dirishani. Fundi alifika mzigo wa mia na arobaini, akalala na kidole juu ya kitufe. Mke mwenza akamvua miwani asije akaivunja, bado amenuna. Akanifunika khanga miguuni. Akakaa chini kwenye mkeka atazame moto wa kisimani mara moja tu.

Siku kumi hakuwa amelala vizuri. Akalala.